Usifungue, Kuna Picha

Ntinda, Kampala
10 Februari 1974

Mwanangu Anena,

Salaam kwako, na kwa mama yako mdogo Habibah, na kwa wote wanaokula sinia moja na wewe huko Kibera. Sisi huku tunalala na tunaamka, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto limepoa tangu nilipoacha kukaa chini nikisuka. Santo anakohoa kidogo lakini anakula kama kawaida yake, yaani kama watu wawili. Wewe je, u mzima? Baridi ya Nairobi haikubani kifua? Vaa sweta hata kama wenzako wanakucheka.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Kamis, yule dereva wa lori, kwa hiyo leo nasema yaliyo moyoni. Zile za posta ninazotuma kila Jumatatu usizisome kwa makini sana. Zile nawaandikia pia wale wanaozifungua kabla yako.

Habibah ameniambia umepata kazi ya maabara chuoni, na kwamba kazi yenyewe ni kutoa macho ya vyura gizani. Nilisoma mstari ule mara tatu. Nikamwuliza mdogo wako, "Hivi mtoto niliyemlea mimi, aliyelia siku tulipochinja jogoo, ndiye huyu?" Santo akasema, "Labda wanamlipa kwa kila jicho, mama." Usimkasirikie, hana wa kumtania zaidi yangu. Basi nieleze wewe mwenyewe, polepole, kama unavyomweleza mtu aliyeishia darasa la sita. Nataka kujua mikono yako inafanya nini mchana kutwa.

Umeniomba tena tuhamie huko. Najua kwa nini. Santo ana miaka kumi na tisa na jina lake ni Olanya, na siku hizi kwenye vizuizi vya barabarani jina la Kiacholi tu linatosha mtu kuchukuliwa. Hatoki nje. Anasoma magazeti ya zamani na kutengeneza redio ambayo haijaharibika. Lakini mwanangu, baba yako alitoka kwa mlango huu huu, Jumanne asubuhi, kwenda kazini kwake Naguru kupiga picha za polisi kama siku zote, miezi kumi na sita iliyopita. Hakuna aliyekuja kuniambia amekufa. Hakuna aliyenionyesha kaburi. Akirudi akakuta kufuli atafikiri nini?

Mpaka leo nikitaka jembe stoo nagonga kwanza. Mkono unagonga wenyewe. Unakumbuka alivyoziba dirisha la stoo kwa blanketi, akaweka ile taa nyekundu, akawa anasafisha humo picha za harusi za watu? Ukisogea mlangoni tu, "Usifungue, kuna picha!" Halafu ukingoja, anagonga mara tatu kutoka ndani. "Fungua, haiharibiki!" Na wewe ulikuwa wa kwanza kuingia, mdomo wazi kama kifaranga.

Nakuletea kitu. Ndani ya kamera yake mlibaki filamu. Niliirudisha ndani ya kibweta chake kama alivyonifundisha, nikaitia kwenye mkebe wa kahawa. Hapa mjini dawa za kusafishia hazipatikani tangu Wahindi wafunge studio zao. Wewe huko una dawa na giza. Picha nyingi za mle nazijua: Santo juu ya baiskeli isiyo na matairi, mimi siku ya Idi nimejitanda gurbaba yangu ya manjano, mbuzi wa jirani. Ile ya mwisho ndiyo siijui. Asubuhi ile nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo, nikasikia kamera inalia mara moja. Nilipogeuka alikuwa ameshaishusha. Nikamwuliza, "Umepiga nini?" Akasema, "Utaiona."

Nataka kuiona, Anena. Labda alikuwa na kitu alichotaka nikijue. Nikishaiona hiyo tutazungumza habari za kuhama, sio kabla.

Na jambo dogo: siku hizi magharibi ikiingia macho yangu yanajifunga kama duka. Juzi nimelipiga teke jiko nikidhani ni paka.

Mimi mama yako,
Zubaida


Kibera, Nairobi
3 Machi 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole na goti, na pole na jiko. Mimi mzima, sweta navaa. Mama mdogo Habibah anakusalimu sana na anasema unamdai jibu la barua tangu Krismasi. Mwambie Santo hawanilipi kwa kila jicho. Wangenilipa hivyo ningekuwa nimeshajenga.

Umeniuliza mikono yangu inafanya nini. Siku ya kwanza Dakta Ochola, mkuu wangu, alituingiza vijana wanne kwenye chumba chenye giza na taa moja nyekundu, hafifu. Wale wengine walianza kugongana. Mimi niliweka mkasi mfuko wa kushoto, nikapanga vyombo mbele yangu kwa kugusa, kikubwa nyuma, kidogo mbele. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia chini ya meza ya baba yangu. Ndivyo nilivyopata kazi, mama. Alinitafutia Baba.

Sasa sikiliza. Nyuma ya jicho, ndani kabisa, pana utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kwenye utando ule zimesimama seli nyembamba kama njiti za kiberiti, maelfu kwa maelfu. Na ndani ya kila njiti mna protini inayopokea mwanga. Imejikunjakunja ndani ya ngozi ya seli, na katikati yake imeshika kipande kidogo sana kilichopinda kama kiwiko. Mwanga ukikigusa kipande kile, kinanyooka. Basi. Kazi ya mwanga inaishia hapo. Mimi nilidhani mwanga unachora picha ndani ya jicho, kumbe unanyoosha tu kitu kilichopinda. Kikinyooka, protini iliyokishika nayo inabadilika umbo, kama mtu aliyelala unapovuta mkono wake, na hapo habari inaanza kwenda ndani ya seli.

Nani anaibeba habari ile kutoka kwenye protini mpaka kwenye ukuta wa nje wa seli? Hajulikani bado. Dakta Ochola anasema mjumbe yupo, lazima awepo, maana chembe moja tu ya mwanga inagusa protini moja na seli nzima inashtuka. Wengine wanasema mjumbe ni chokaa iliyomo mwilini, wengine wanasema ni kitu kingine, wanagombana kwenye majarida. Nilimwambia, "Dakta, kwetu nyumbani mjumbe ni Kamis." Alicheka mpaka akavua miwani.

Chura akikaa gizani usiku kucha, utando ule unakuwa mwekundu kama ndani ya pera. Ukiuleta kwenye taa unafifia mbele ya macho yako, unakuwa manjano, halafu kama maji ya mchele. Ndiyo maana tunatumia taa nyekundu. Wekundu wa taa unausumbua kidogo sana.

Kile kipande kilichopinda kinatokana na vitamini A. Kikikosekana mwilini, kwanza mtu anashindwa kuona jioni. Kwa hiyo hilo la magharibi si uzee, mama, usijipe umri. Kula maini ukiyapata. Kula papai, mchicha wenu wa dodo, majani ya maboga, yatie mafuta kidogo. Kila siku, sio siku ya wageni.

Na mje. Nasema tu, usikasirike. Chumba hiki kinatosha watu watatu wanaopendana.

Mwanao,
Anena


Ntinda
21 Aprili 1974

Mwanangu,

Nakusalimu kwa mara nyingine. Sisi tupo. Sema tumechelewa kukuletea jibu la mkononi kwa sababu mwezi wa tatu hapa mjini kulikuwa na milio ya bunduki, na baada yake malori hayakutembea. Umeona barua zangu za Jumatatu zinasema mvua, mvua, mvua. Mvua ilikuwepo pia.

Nimekula papai mpaka Santo anasema nimeanza kunukia. Dodo nachuma nyuma ya nyumba. Nafikiri inasaidia, jana magharibi niliuona mkia wa paka, paka mwenyewe sikumwona. Nakutania. Nimemwona.

Barua yako niliisoma nikisuka kawa. Nilipofika pale pa kipande kinachonyooka, nikaweka kazi chini. Siku zote nilidhani kuona ni kazi ya mwanga. Kumbe mwanga unagonga tu.

Lakini kurasa mbili, Anena, na hukusema neno hata moja juu ya filamu. Umesema mkasi, umesema pera, umesema miwani ya Dakta. Nakujua mimi. Ulipovunja chungu cha bibi yako ulisimulia habari za shule kutoka magharibi mpaka wakati wa kulala, ukakataa na uji. Kwa hiyo kuna kitu. Kiseme.

Nakuomba ukiseme haraka kwa sababu ya hili. Jumatano walikuja watu wawili kwa gari lisilo na namba, wakamwulizia "mtoto wa Olanya". Niliwaambia amekwenda kwa baba yake mdogo Gulu. Mmoja alikuwa kijana mdogo, Mnubi kama mimi, akaniamkia kwa Kinubi vizuri kabisa, akaniita mama. Akasema, "Mama, akirudi tutafurahi kumwona." Santo alikuwa stoo, nyuma ya meza ya baba yake. Walipoukaribia mlango ule sikujua nifanye nini. Nikasema, "Usifungue, kuna picha." Sijui lilitoka wapi. Yule kijana akacheka. "Bado mnapiga picha?" Nikasema, "Za pasipoti." Akauacha mlango.

Santo alitoka mle amelowa jasho, akaniambia, "Mama, leo mimi ndiye picha." Nikacheka naye, halafu nikaenda jikoni nikakaa.

Nakusikia usemayo, tuhame. Lakini siwezi kuondoka bila kuiona ile ya mwisho. Nimeoa wazo hilo, kama Baba yako alivyokuwa akisema. Nipe jibu.

Mama yako,
Zubaida


Kibera
12 Mei 1974

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta uko mzima, na Santo bado yuko ndani. Mimi mzima wa mwili.

Filamu imeharibika, mama. Yote. Nimejua tangu siku Kamis aliponipa mkebe, na nimekaa na habari hiyo kama mtu aliyekalia sindano.

Ilikuwa mpakani. Askari alikagua mizigo, akafungua mkebe, akauliza hii ni nini. Kamis akasema ni picha za familia. Askari akasema, "Tuone." Akaivuta filamu nje yote, Kamis anasema aliivuta mikono miwili kama mtu anayepima kitambaa, akaiinua juu kwenye jua la saa saba akizitafuta hizo picha. Aliitazama mwanzo mpaka mwisho. Akasema, "Hamna kitu humu," akamrudishia. Kamis alilia akinieleza. Hakujua namna ya kumzuia mtu mwenye bunduki asitazame.

Niliisafisha hata hivyo. Nilingoja wenzangu waondoke, nikafanya yote kama Baba: dawa, kuhesabu, maji, dawa ya pili. Nikagonga meza mara tatu. Nikawasha taa. Ni nyeusi kutoka mwanzo mpaka mwisho, mama, hamna hata kivuli. Ninayo hapa. Sikuweza kuitupa.

Sikukwambia kwa sababu ulisema ukiiona ndipo mtahama, na niliogopa ukijua hutaiona kamwe utakaa hapo milele. Nimekosa. Na umeona mwenyewe: kimya changu ndicho kilichokuambia.

Nilipoisoma barua yako nilikwenda kwa Dakta Ochola na swali, kwa sababu nilikuwa nakumbuka kitu alichowahi kusema nikidhani amekosea. Sasa najua hakukosea. Zile seli za jicho, mama, hazifanyi kama sisi tunavyodhani. Gizani ndiko zinakosema. Umeme mdogo unapita ndani yake bila kukoma, na kila seli inampelekea jirani yake ujumbe, inapeleka, inapeleka, giza zima. Mwanga ukifika, kile kipande kikanyooka na protini ikageuka, milango ya seli inafungwa na seli inanyamaza. Kunyamaza kule ndiko habari. Jirani yake anasikia kimya, naye anakipeleka mbele, mpaka kichwani tunasema, "Naona."

Na kitu kingine, hiki nakisema kama mtoto wa mpiga picha. Filamu inaona mara moja tu. Ikiguswa na mwanga imekwisha, haina siku ya pili. Jicho sivyo. Kile kipande kikishanyooka kinaachiliwa, kinapelekwa pembeni, kinapindwa upya, kinarudishwa mahali pake, na protini iko tayari tena. Ule utando uliofifia, kwa chura aliye hai, ukiuacha gizani unarudi kuwa mwekundu. Nimeuona mwenyewe. Jicho halihifadhi chochote, mama. Linaachilia ili liweze kuona kinachokuja.

Kinachokuja ni Santo. Nakuomba.

Nisamehe.

Mwanao,
Anena


Ntinda, Kampala
27 Mei 1974

Mpendwa Anena,

Salamu. Sisi wazima. Mvua inanyesha. Bei ya chumvi imepanda. Santo bado yuko Gulu kwa baba yake mdogo. Msalimie Habibah.

Mama yako,
Zubaida


Ntinda
30 Juni 1974

Mwanangu Anena,

Salaam, na salaam tena, kwa sababu najua barua zangu za Jumatatu zimekuwa baridi kama ugali wa jana. Zilikuwa hivyo kwa ajili ya wanaozifungua, lakini nisiseme uongo, zilikuwa hivyo kwa ajili yako pia. Nilikasirika. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia Kamis, nikamkasirikia yule askari. Kisha siku moja nikisuka nikamfikiria tena yule askari, amesimama juani na filamu mikononi, anatafuta picha. Alitaka kuona tu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vingine huonwa kwa kungoja mlangoni. Hasira yake ikanitoka. Yako ilikuwa imetoka zamani.

Juzi nilikwenda stoo. Nikagonga. Nikasimama pale, Anena, nikangoja, kama mjinga, kama nilivyongoja kila siku. Hakuna aliyegonga kutoka ndani. Nikafungua.

Kwenye rafu palikuwa na boksi moja la karatasi zake za picha, ambalo hakulifungua. Nililitoa uani mchana, nikalifungua juani. Karatasi nyeupe kabisa. Nikaweka kiganja changu juu ya ile ya kwanza, nikakaa. Pembeni mwa mkono ikawa zambarau, halafu kahawia, pole pole, hata sikuona ikianza. Nilipouondoa mkono, ulibaki pale mkono wangu mweupe, na pete yake. Nikautazama. Nao ukaanza kufifia, zambarau, kahawia, mpaka ukalingana na kwingine kote. Sikulia. Santo alikuwa dirishani, akasema, "Mama, kilikuwa kizuri hicho." Nikamwambia, "Nimekiona. Yatosha."

Picha ya mwisho nimeamua mwenyewe ilikuwa nini. Alinipiga mimi naanika nguo. Shati lake la kazi lilikuwa mkononi mwangu, na kibanio nimekibana mdomoni. Hakuna ujumbe ndani yake, hakuna siri. Alisema utaiona, akidhani ni jambo la Jumamosi.

Na hilo la seli nimelielewa. Nimekaa miezi ishirini nikimngoja baba yako aseme neno. Nikadhani hajasema. Kumbe mtu yule, aliyekuwa akipeleka salamu nyumbani hata akichelewa saa moja tu, amenyamaza miezi ishirini. Alikwisha kusema, mwanangu. Mimi ndiye jirani nisiyepeleka habari mbele. Sasa napeleka. Baba yako Saverio amefariki. Mwambie Habibah, atandike mkeka, watu wakae.

Sasa sikiliza vizuri. Kamis ana mzigo wa Nairobi katikati ya mwezi wa saba. Tutapanda naye mbele, mchana kweupe, maana jioni bado siamini macho yangu. Mama wa Kinubi na mwanawe, wanakwenda msibani kwa dada yake Kibera. Wakiniuliza msiba wa nani nitawaambia wa mume wangu, na sitakuwa nimesema uongo. Mjomba wako ametupa kitambulisho cha mwanawe Asuman, wanafanana na Santo masikio. Tangu Jumatatu iliyopita namwita Santo Asuman nyumba nzima. Asipoitika namrushia mwiko. "Asuman!" Kimya. Mwiko. "Mama, mtu hawezi kubadilika kwa siku tano!" "Ndiyo maana nakurushia mwiko wa mbao, sio wa chuma." Leo ameitika mara nane kati ya kumi. Zile mbili ndizo zinazoninyima usingizi.

Nitaendelea kutuma barua za posta kila Jumatatu, mvua na chumvi, kama seli yako gizani. Maadamu unazipata, bado tuko hapa. Alhamisi ambayo hutaipata ile ya Jumatatu, usiende kuuliza posta, usimwandikie mtu. Ujue tumo njiani.

Mlango wa stoo nimeuacha wazi. Jua linaingia mpaka ukutani.

Mama yako anayekupenda,
Zubaida


Kibera
18 Julai 1974

Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima. Sijawahi kuyaandika maneno haya na kuyamaanisha kama leo.

Leo ni Alhamisi na barua haikuja. Nilisimama posta mpaka karani akaniambia, "Dada, sanduku ni tupu, hata ukilitazama hivyo." Kwa hiyo naandika barua hii nikijua siwezi kuituma. Niitume wapi? Naandika ili mikono iwe na kazi. Kazini leo nimeangusha vikombe viwili vya kioo. Dakta Ochola akaniuliza nina nini. Nikamwambia nasubiri kimya na kimekuja. Akanitazama, akachukua ufagio akafagia mwenyewe, akaniambia niende nyumbani.

Ulinifundisha kukisoma kimya, na mimi nikakufundisha wewe. Lakini sikukuambia jambo moja, mama, na tangu asubuhi linanitafuna. Seli iliyofikiwa na mwanga inanyamaza. Seli iliyokufa nayo inanyamaza. Ukiwa jirani, kwa muda wa kwanza, huwezi kuzitofautisha. Inabidi ungoje. Umengoja miezi ishirini. Mimi nimengoja tangu saa tatu asubuhi na tayari nimechoka.

Mama mdogo Habibah ametandika mkeka kama ulivyosema. Wazee wamekuja wakamsomea Baba dua, ingawa yeye alikuwa mtu wa kanisani. Mzee mmoja akasema Mungu atapanga mwenyewe faili zake. Wameondoka alasiri. Nimepika maini, nimekata papai kubwa. Yanapoa. Kila lori likipita barabara ya juu Habibah anasimama, halafu anajifanya alikuwa anatafuta kijiko.

Nimeitundika ile filamu nyeusi dirishani. Ukiitazama karibu sana si nyeusi kabisa, kwenye jua ina kahawia kidogo, kama chai. Nilikuwa nataka nikuonyeshe utakapo

Mama, kuna mtu anagonga. Mara moja, mbili, tatu, halafu ameacha. Habibah ameniangalia. Hapa watu hupiga hodi, hakuna anayegonga hivyo.

Nje mtu anasema, "Asuman, inua hilo begi, usilikokote." Sauti nzito inamjibu, "Mama, naitwa Santo."

Na sasa ile sauti ya kwanza iko karibu kabisa na mlango.

"Fungua, haiharibiki."